Jani Lililosubiri

Partagás Serie D No. 4 ni siga fupi na nono: milimita 124, unene kama kidole gumba cha fundi wa mawe. Chini ya boksi hupigwa mhuri wa mwezi na mwaka wa kufungashwa. La rafiki yangu lilisema MAR 12, yaani Machi 2012. Yeye ni baharia wa meli za watalii. Alilinunua Havana akalitunza miaka yote kwenye sanduku la mwerezi, unyevu kati ya asilimia 65 na 70. Juzi akanipa moja tukiwa juu ya paa la ploti yao, Umoja.

"Wewe ni mtoto wa tumbaku," akasema. "Niambie kama hii ni kitu ama ni kelele tu."

Ni kitu. Siga haivutwi hadi mapafuni kama fegi. Moshi unauzungusha mdomoni kisha unauachilia. Nilitarajia pilipili, maana jina la Partagás, lililoanza 1845, linasifika kwa ukali. Ilikuwapo, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Mbele yake kulikuwa na ngozi ya kiatu kipya, kahawa isiyo na sukari, na udongo ulioguswa na mvua. Muda huondoa amonia inayobaki baada ya majani kuchachushwa, ile inayokwaruza koo kwenye siga changa. Theluthi ya mwisho iligeuka chungu na kichwa kikaanza kuzunguka, nikaiweka chini ijizimikie. Nane juu ya kumi.

Kizunguzungu kile nakijua tangu Kuria. Tulichuma majani yakiwa na umande, nikotini ikapenya kwenye ngozi, na jioni tukatapika. Gundi nyeusi ya mikononi sabuni haikuitoa. Tanuri lilikula kuni usiku na mchana karibu wiki nzima. Halafu sokoni, mtu analishika jani sekunde chache, anataja gredi, wanakata deni la mbegu na mbolea, unapewa kilichobaki. Nani angengoja? Shule zilikuwa zimefunguliwa.

Letu lilikuwa jani la Virginia la sigara za kawaida. Hili la Cuba hukaushwa kwa hewa, polepole, ghalani, kwa hiyo ladha zisilinganishwe. Kilichonikaa kooni ni ile miaka.

Kesho yake nilimpigia Mama, nikamweleza kuna tumbaku huwekwa zaidi ya miaka kumi ndipo ivutwe, na bei yake hupanda.

"Haiozi?"

"Haiozi, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Sasa hao wanaoilima, wakingoja hivyo, wanakula nini?"

Nikamwambia mkulima wa kule naye hangoji. Sehemu kubwa ya mavuno huiuzia serikali. Anayengoja ni mwenye boksi.

"Aah, kumbe," akasema, kisha akaniuliza kama mvua imefika Nairobi.