Tabora, Mji wa Njia ya Pembe

Anayetaka kuijua Tabora aitembee kwa miguu, tena mapema, kabla jua halijawa kali. Ukitoka mtaa wa Chemchem asubuhi unapita chini ya miembe mizee yenye mashina ambayo watu wawili hawawezi kuyakumbatia, na kivulini wauzaji wameshatandaza: asali kwenye chupa, karanga za kukaanga, michembe na matobolwa. Asali ya hapa ni ya misitu ya miombo, nzito, nyeusi yenye wekundu, na ukiionja unapata ladha ya moshi kwa mbali, kwa kuwa bado wapo warinaji wanaopanda na mwenge kwenye mizinga ya magome. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu. Vitafune polepole pamoja na karanga. Ni chakula kisichoharibika njiani, na kwangu hakuna namna bora ya kuianza siku katika mji ulioishi kwa safari.

Maana Tabora haikukuzwa na bandari wala dhahabu. Ilikuzwa na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, mji ukijulikana kwa jina la Kaze, waliwakuta Waarabu kutoka Oman wameshajenga matembe na bustani zao. Pembe zilizoshuka pwani kwa njia hii zilibebwa mabegani, na mabega hayo mara nyingi yalikuwa ya Wanyamwezi. Katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watumwa, na hakuna anayeweza kuisifu Tabora kwa haki bila kulitamka hilo.

Kiu ya pembe ni ya kale kuliko mji huu. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza bandari za Bahari ya Hindi, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, na bidhaa zilizotoka huko: pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Mali hiyo iliishia mikononi mwa matajiri wa dola ya Roma. Lakini Roma haikutosheka na pembe. Ilimtaka mnyama mwenyewe, akiwa hai, ili afe mbele ya halaiki. Wengi walikamatwa Afrika Kaskazini na pande za mto Nile. Mwaka 46 KK Julius Caesar aliwaonyesha Warumi twiga wa kwanza waliyewahi kumwona. Colosseum ilipofunguliwa mwaka 80 BK waliuawa wanyama wapatao 9,000, na mfalme Trajan, akishangilia ushindi wake vitani, aliendesha michezo ya siku 123 iliyoua wanyama 11,000 na kuwapambanisha wapiganaji 10,000, watu ambao wengi wao walikuwa mateka na watumwa.

Kuna siku moja tu ambayo huwa inanirudisha kwa watazamaji wale. Mwaka 55 KK jemadari Pompey aliwaingiza uwanjani ndovu wapatao 20 wapigane na watu wenye mikuki. Ndovu walipoona hawana pa kukimbilia waliinua mikonga na kulia, na umati uliokuja kufurahi ukasimama ukitokwa na machozi, ukamlaani Pompey. Halafu michezo ikaendelea kwa karne kadhaa.

Tabora nayo ilikuwa na maonyesho yake, nayo yalikuwa kuingia kwa msafara. Burton ameyaeleza kwa kirefu. Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na bendera nyekundu, kavaa kitambaa chekundu na ngozi ya mbega, kichwani manyoya ya ndege. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, wenye nguvu kuliko wapagazi wote na wenye kujivuna kuliko wote, kila pembe ikiwa imefungwa kengele kwenye ncha na vyombo vya mwenyewe kwenye mzizi wake. Baragumu la pembe ya tandala lililia, bunduki zikafyatuliwa hewani, wanawake wakatoka kupiga vigelegele. Hebu fikiria mtu aliyetembea miezi kadhaa na pembe begani, amepita nyika isiyo na maji, leo anaingia mjini kwao huku kengele yake inasikika. Huyo ndiye shujaa wa njia hii, na ningependa siku moja asimamishiwe sanamu katikati ya mji. Njiani Wanyamwezi waligombana na Wazaramo, Wazigua na wengineo kwa maji na kwa njia. Ugomvi huo umebaki leo katika utani, kiasi kwamba Mnyamwezi akienda kwenye msiba wa mtani wake pwani atawachekesha hata waliofiwa, na hakuna atakayemkasirikia.

Kutoka mjini hadi Kwihara ni kilomita chache tu, bodaboda itakufikisha. Tembe lililopo pale, lenye kuta nene za udongo mwekundu, ua wa ndani na mlango wa nakshi, ndipo Stanley alipokaa mwaka 1871, na ndipo alipomwacha Livingstone mwaka uliofuata. Wageni huenda kwa ajili ya Wazungu hao wawili. Mimi nakushauri usimame uani umfikirie Mirambo, mtemi wa Urambo. Mwaka ule ule wa 1871 Waarabu wa Tabora, na Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumpiga; Mirambo akawangoja walipokuwa wakirudi na mateka yao, akawasambaratisha. Mwezi Agosti wapiganaji wake waliingia Tabora, wakamuua Mwarabu Khamis bin Abdallah na kuchoma sehemu ya mji, na Stanley akabaki Kwihara akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta hizi. Wapiganaji hao, rugaruga, walikuwa vijana wasiooa, waliovaa nguo nyekundu na manyoya. Hawakupigana ili kuwaburudisha watu. Walipigania ushuru wa njia na heshima ya mtemi wao, na hadi Mirambo alipofariki Desemba 1884 hakuna mfanyabiashara aliyepita Urambo bila kumhesabu.

Kisa ambacho hata wenyeji wengi hawakijui ni cha mwaka 1879. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alitaka kujua kama ndovu wa India wanaweza kubeba mizigo katika njia hii, maana farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Ndovu wanne wakapakiwa melini Bombay pamoja na walezi wao Wahindi, chini ya uongozi wa Mwairishi Frederick Carter. Mwanzoni mwa Juni meli ikatia nanga mbele ya Msasani, ndovu wakashushwa baharini na kuogelea hadi ufukweni. Majina yao yameandikwa: Sundergund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Nayataja kwa makusudi, kwa sababu ndovu wa Pompey hatujui hata mmoja aliitwaje.

Wakaanza kutembea. Fikiria watu wa vijiji vya Ugogo, ambao ndovu walimjua kama mnyama wa kuwindwa au wa kukimbiwa, wanaona ndovu anakuja njiani na mtu ameketi shingoni, tena akiambiwa piga magoti anapiga magoti. Ndorobo hawakuonekana kuwadhuru. Kilichowaua, kwa maoni ya wengi waliofuatilia safari ile, ni mizigo mizito na chakula pungufu. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na aliyevuka nchi ya Wanyamwezi na kufika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, ni Pulmalla peke yake. Naye hakudumu. Carter hakurudi kwao: Juni 1880, akiwa njiani kuelekea pwani na mwenzake Cadenhead, aliuawa Mpimbwe katika shambulio la Mirambo pamoja na mtemi mwenzake, Simba. Mradi wa ndovu ukafia hapo, na mizigo ikabaki mabegani mwa Wanyamwezi mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Reli nayo ilileta wakamataji wa aina nyingine. Mwaka 1926 Tanganyika ilipokea kundi la Wamarekani lililoongozwa na William Mann na kugharamiwa na Walter Chrysler, mtengeneza magari. Walikuja kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington, wakaondoka na mamia yao, wakiwamo twiga wawili wachanga. Mmoja wa kundi hilo, Carnochan, alivutwa na jambo ambalo halifungiki kwenye kizimba: chama cha Wayeye, Wanyamwezi wataalamu wa nyoka. Mwaka 1935 kilitoka kitabu chake juu yao.

Wanyama wenyewe bado wapo. Kusini-magharibi mwa mji kuna Mto Ugalla, uliokuwa pori la akiba na tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Nenda kiangazi, maji yanapobaki kwenye mabwawa, uone viboko walivyobanana na mamba wakiota jua kandokando yao. Ukibahatika utamwona palahala, dume jeusi lenye pembe zilizopinda hadi mgongoni. Kwangu huyo anapita hata simba kwa uzuri, na miombo ndiyo kwao.

Lakini usiondoke kabla ya ngoma. Baada ya mavuno, Unyamwezini na Usukumani, ndipo Wayeye wanapotoka na vikapu vyao. Ukisogea karibu utaona mkono wa mchezaji umejaa alama ndogo za chale, mahali alipochanjwa dawa alipoingia chamani. Huyo huyo ndiye watu humkimbilia wakiumwa na swila au kifutu shambani. Anamtoa chatu, anamzungusha shingoni, na kichwa cha nyoka kinapita sentimita chache mbele ya uso wake huku miguu haikosi hata pigo moja la ngoma. Usukumani vyama vikubwa viwili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kila kimoja kikitafuta la kuwavuta watu: nyoka, nungunungu, hata fisi. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanakimbia huku na kule, na chama kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Jioni nyoka anarudishwa kikapuni akiwa mzima, na walioshindwa wanakwenda kwao kutafuta dawa na mitindo mipya kwa ajili ya mavuno yajayo.