Makombora ya Uturuki

Nilifundisha uongo kuhusu Vita Baridi kwa miaka mingi, na hata nilipoujua ukweli niliendelea kuufundisha uongo ule ule. Naandika haya kwa sababu wengi wa wanafunzi wangu sasa ni watu wazima, wengine ni walimu wa Historia, na nachelea kwamba maneno yangu bado yanatembea madarasani.

Somo lenyewe ni mgogoro wa Cuba wa Oktoba 1962. Kila mwaka, tulipofika mada ya uhusiano wa kimataifa katika Kidato cha Nne, nililingojea somo hilo kwa hamu. Nilieleza jinsi ndege ya upelelezi ya U-2 ilivyopiga picha tarehe 14 na kugundua kwamba Wasovieti wanajenga vituo vya makombora ya nyuklia Cuba, karibu na Florida. Nikaeleza jinsi Rais Kennedy wa Marekani alivyojifungia na washauri wake, na jinsi alivyotokea kwenye televisheni tarehe 22 kutangaza kwamba manowari zake zitaizingira Cuba, huku akiuita mzingiro huo karantini, kwa kuwa mzingiro wa kijeshi kisheria ni tendo la vita. Darasa lilikuwa likinyamaza kimya. Kisha nikafika kilele: Jumapili tarehe 28, Redio Moscow inatangaza kwamba Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, ameamuru makombora yang'olewe na kurudishwa kwao. "Mrusi akafyata mkia," nilikuwa nikisema, na darasa zima linaangua kicheko. Nilimalizia kwa kuandika ubaoni sababu za ushindi wa Marekani. Ya kwanza: Kennedy alikaza uzi, hakutoa chochote ila ahadi ya kutoivamia Cuba.

Sababu hiyo ya kwanza ni ya uongo. Jumamosi ya tarehe 27, siku ambayo U-2 nyingine ilitunguliwa juu ya Cuba na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, akafa, Robert Kennedy, mdogo wake Rais, alionana na balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, ofisini kwake Washington. Alimweleza kwamba makombora 15 ya Jupiter ambayo Marekani iliyaweka Uturuki, karibu na mipaka ya Kisovieti, yangeondolewa katika muda wa miezi minne au mitano. Sharti lilikuwa moja: pasiwe na neno la hadharani. Wasovieti walipojaribu kuyatia makubaliano hayo kwenye barua, Robert Kennedy aliipokea, kisha tarehe 30 akamrudishia balozi barua yake. Hakutaka karatasi yoyote ibaki. Kufikia Aprili 1963 makombora ya Uturuki yalikuwa yameondoka, na wakubwa wa Washington wakaeleza kwamba yalikuwa yamepitwa na wakati tu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kulikuwa na msichana mmoja katika darasa langu, mpole, mwenye mwandiko mdogo uliolala upande wa kushoto. Katika mtihani wa majaribio niliuliza sababu zilizomaliza mgogoro huo. Aliandika sababu alizopewa darasani, kisha akaongeza ya kwake: kwamba Kennedy pia alikubali kuondoa makombora yake Uturuki, ila ilifanywa siri. Nilichukua kalamu nyekundu nikaipiga mstari sentensi yote, na pembeni nikaandika, "Si kweli. Soma kitabu." Mwongozo wa kusahihisha niliutunga mwenyewe, na haukuwa na Uturuki ndani yake.

Alinifuata ofisini kwa walimu akiwa ameshika karatasi yake. "Samahani mwalimu," alisema, "nimesoma kwenye kitabu cha mjomba." Sikumwuliza ni kitabu gani, wala sikumwambia akilete nikione. Nilimjibu mbele ya walimu wenzangu kwamba mtihani haujibiwi kwa hadithi za wajomba, na kwamba mwenye kutaka kufaulu asijifanye anajua kuliko mwalimu wake. Wenzangu wakacheka. Aliikunja karatasi yake, akasema asante mwalimu, akatoka. Kuanzia siku hiyo hadi alipomaliza shule sikuuona mkono wake ukiinuka katika kipindi changu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikuwa mkali kiasi kile kwa jambo la kweli ambalo ningeweza kulihakikisha kwa kufungua kitabu kimoja. Jibu liko nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kusoma mwaka 1960, katika safari zile za ndege alizozipigania mwanasiasa Mkenya Tom Mboya, na mwaka huo nauli ililipwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Nimekua na picha ya Kennedy sebuleni, imetundikwa juu kuliko ya babu. Watoto wa majirani waliopelekwa Moscow na Prague kwa njia ya mwanasiasa Oginga Odinga tulifundishwa kuwahurumia, kana kwamba walipotea njia. Mimi nilikuwa na upande katika Vita Baridi kabla sijajua Vita Baridi ni nini, nikaingia nao darasani nikauita Historia. Yule msichana hakukosea tarehe wala jina. Alimgusa mtu wangu.

Kisha miaka ikapita, nami nikasoma. Nilisoma kwamba kitabu cha Robert Kennedy kuhusu siku zile, kilichotoka 1969 baada ya yeye kuuawa, kilihaririwa na Theodore Sorensen, mshauri wa Rais Kennedy, na kwamba mwaka 1989, katika mkutano uliofanyika Moscow, Sorensen mwenyewe alikiri kwamba aliyafuta maelezo yaliyoonyesha wazi kuwa Uturuki ilikuwa sehemu ya makubaliano. Mwaka 1989! Nilipompiga mstari mwekundu mtoto wa watu, ukweli ulikuwa umeshasemwa hadharani na mtu aliyeuficha.

Nikasoma pia habari za Adlai Stevenson, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Yeye ndiye aliyependekeza, mgogoro ungali mbichi, kwamba kambi za Uturuki ziingizwe kwenye mazungumzo. Desemba 1962 jarida moja kubwa lilimwonyesha kama mwoga aliyetaka kumpigia adui magoti, na mmoja wa waandishi wa makala hiyo alikuwa rafiki wa Rais. Akina Kennedy walijua kwamba walifanya jambo la aina ile ile aliyoishauri. Walimwacha abebe aibu. Ukurasa huo niliusoma usiku, nikamkumbuka msichana wangu na karatasi aliyoikunja.

Na bado mwaka uliofuata nilisimama ubaoni nikasema Mrusi alifyata mkia. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. La kwanza lilikuwa ujinga na kiburi, la pili nililifanya macho makavu. Nilijiambia kwamba watahini wanataka jibu lililozoeleka, na kwamba wanafunzi watachanganyikiwa. Kwa kweli nilijua nikibadilisha somo, mtu atauliza tangu lini.

Madhara ya hadithi ile hayakuishia darasani kwangu. Makubaliano ya Uturuki yaliamuliwa na watu wachache ndani ya chumba kimoja. Makamu wa Rais, Lyndon Johnson, hakuwamo. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais mwaka 1963 na kuizamisha Marekani katika vita vya Vietnam. Naamini kiongozi aliyelishwa hadithi kwamba mkomunisti huachia akikaziwa tu, anakosa somo kubwa la Oktoba ile: watu wawili walioogopa, kila mmoja akampa mwenzake kitu cha kurudi nacho nyumbani. Khrushchev hakuruhusiwa hata kukionyesha alichopewa. Oktoba 1964 wenzake walimwondoa madarakani.

Baadaye nilikutana na mwanafunzi wangu huyo kituo cha matatu pale Mwembe Tayari, ana mtoto mgongoni. Alinipa shikamoo kwa heshima zote, akaniuliza hali ya mama, akataka kunilipia nauli. Nilikuwa na maneno yote haya mdomoni. Nikamwitikia marahaba, nikapanda gari.

Mwanangu, ukiyasoma haya: uliandika jibu sahihi, nami nilikunyima alama zako nikijua kidogo kuliko wewe, nikakuaibisha mbele ya watu wazima. Nakuomba radhi. Na nyote mlioketi katika darasa lile, kama daftari bado mnalo, futeni sababu ya kwanza niliyowaandikia ubaoni na muiandike upya mkiitaja Uturuki. Mwenye wanafunzi wake leo awaambie pia ni nani aliyeligundua kosa hilo, na kwamba mwalimu wake alimwaibisha ofisini.