Mzee wa Longonot

Februari 1980 kiangazi kilikuwa kimeshika Bonde la Ufa barabara. Tulikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa jiografia alikuwa amechoka kutuchorea volkeno ubaoni ilhali mlima wenyewe ulikuwa safari ya asubuhi moja. Lori la shule likatuteremsha kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, tukapita kanisa dogo walilolijenga wafungwa wa kivita wa Kitaliano mwaka 1942, na kabla jua halijakaza tulikuwa chini ya mlima Longonot.

Siku hizo hapakuwa na lango wala tikiti, kwani hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1983. Palikuwa na njia ya mifugo na mzee mmoja wa Kimaasai aliyekubali kutuongoza.

Njia ilijaa majivu ya volkeno, na kila hatua mguu ulizama na kuteleza. Mvua za miaka zilikuwa zimechimba makorongo marefu pande zote, na harufu ya vichaka vya leleshwa ilitufuata juani. Sisi vijana tulikimbia, tukasimama kuhema, tukakimbia tena. Mzee alipanda kwa mwendo mmoja tu, akafika ukingoni kabla yetu.

Tulipomfikia, kelele zote zilikatika. Chini yetu kulikuwa na msitu mzima ndani ya kasoko yenye upana wa karibu kilomita mbili, na kwenye kuta zake mvuke ulipenya nyufa za miamba. Tukauzunguka ukingo hadi Kilele Ngamia, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini ziwa Naivasha lilimetameta. Magharibi tuliona mvuke wa Olkaria, ambako visima vya jotoardhi vilikuwa vikichimbwa. Mwaka uliofuata mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme. Kule tambarareni mzee alituonyesha sahani kubwa nyeupe ya kituo cha setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970.

Mwalimu akauliza mlima huu uliwaka lini. Tukajibu kama tulivyosoma: zamani sana.

"Si zamani, vijana," mzee akasema. "Babu yangu alikuwa layoni, mvulana mdogo bado, anachunga ndama. Aliuona moto ukitoka, ukashuka ubavuni. Pale ulipopita, nyasi zilikataa kuota miaka mingi. Huu mlima umelala tu. Haujafa."

Wenzangu wawili wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliketi palepale kwenye majivu, akatoa daftari na kalamu, akasema, "Mzee, tafadhali rudia, nisikose neno." Nilikuwa sijawahi kumwona mwalimu akiandika maneno ya mtu asiyekanyaga darasani. Mmoja baada ya mwingine, nasi tukatoa daftari zetu. Aliandika pia jina la babu, mahali alipolisha ndama, na upande ulikoshukia moto, akiuliza na kungoja jibu kwa subira.

Miaka mingi baadaye, nikisoma maandishi ya wanajiolojia, nilikuta kwamba mlipuko wa mwisho wa Longonot unakadiriwa kutokea miaka ya 1860, na kwamba kadirio hilo limejengwa juu ya masimulizi ya Wamaasai. Kisha mwaka 2009 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walichapisha kwamba kati ya 2004 na 2006 mlima ulikuwa umeinuka takriban sentimita 9. Mzee alikuwa amesema kweli: mlima ulikuwa umelala, na usingizini ulikuwa ukijigeuza.

Leo Longonot hupandwa na maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi. Wanapewa vipimo: kilomita 3 hadi ukingoni, kilomita 7 na kitu kuuzunguka. Ni vizuri, lakini havitoshi. Namshukuru mwalimu wangu kwa jambo moja kuliko yote aliyonifunza: alijua kwamba ushahidi wa mlima ule ulikuwa vinywani mwa watu walioishi chini yake, na kwamba wazee hao hawatakuwepo daima. Shule inayowapeleka watoto Longonot iwatafute wazee wa pale kwanza, iwape watoto kalamu, na iwape wazee muda wa kusema.