Kijani na Dhahabu: Shajara ya Msimu wa Mwisho Oakland

Alhamisi, 28 Machi 2024

Msimu umefunguliwa usiku huu na mimi nimebaki nje ya geti. Jezi ninayo, na tiketi zilikuwapo tele. Hatukuingia kwa makusudi. Tulijaa kwenye maegesho ya uwanja wa Coliseum, wazee kwa watoto, ngoma zikilia, nyama zikichomwa, na kila baada ya muda umati mzima unapaza sauti moja: uza timu! Ndani, kwa hesabu ya klabu yenyewe, walikuwapo watu 13,522, katika uwanja unaochukua zaidi ya 46,000. Oakland Athletics, timu yetu ya besiboli tunayoiita A's, wamefungwa 8-0 na Cleveland.

Kocha mkuu wa Cleveland ni Stephen Vogt, na huu ulikuwa mchezo wake wa kwanza kwenye kazi hiyo. Vogt ni wetu. Alipokuwa mdakaji hapa, majukwaa yalikuwa yakiimba kwamba yanamwamini, na Oktoba 2022, alipokwenda kupiga kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu, aliupeleka mpira nje ya ukuta. Leo amerudi akiwa mgeni, na amekuta wenyeji wako nje.

Naandika msimu huu kwa sababu ni wa mwisho. Tarehe 16 Novemba mwaka jana wamiliki wa timu zote 30 za Ligi Kuu ya Besiboli walipiga kura, na wote 30 wakakubali A's wahamie Las Vegas. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Jimbo la Nevada limeahidi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja huko. Binti yangu bado mdogo. Akija kuuliza ilikuwaje, majibu ayakute humu.

Alhamisi, 4 Aprili

Wametangaza leo kwamba hawatangoja hata uwanja wa Las Vegas ujengwe. Mkataba wa Coliseum unaisha mwaka huu, na kuanzia 2025 hadi 2027 watachezea West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa River Cats, timu inayolea chipukizi wa San Francisco Giants. Giants ni wapinzani wetu wa ng'ambo ya ghuba. Na huko watakuwa Athletics tu, bila jina la mji wowote.

Nilivuka barabara kwenda kwa jirani yangu, mzee aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu. Shikamoo yangu siku hizi anaijua, na marahaba yake imenyooka. Leo aliitikia kwa shida. Timu ilipokuja Oakland kutoka Kansas City mwaka 1968, yeye alikuwa kijana. Ameona makombe ya 1972, 1973 na 1974, matatu mfululizo, na lile la 1989 dhidi ya Giants, fainali iliyokatizwa na tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba.

"Binti," akaniambia, "Warriors walivuka daraja kwenda San Francisco mwaka 2019. Raiders wakaenda Las Vegas mwaka 2020. Hawa ndio waliokuwa wamebaki."

Alikuwa amesubiri miaka uwanja mpya ujengwe Howard Terminal, palepale bandarini alipotolea jasho. Aprili mwaka jana klabu iliachana na mpango huo na kugeukia Las Vegas. Sikuwa na la kumpa zaidi ya kukaa naye.

Jumamosi, 4 Mei

Tumewafunga Miami 20-4! Nilitoka kazini nimechoka, nikaufuatilia mchezo kwenye simu hadi usingizi ukanikimbia.

Hapa ndipo ugumu wa mwaka huu ulipo. Nikinunua tiketi, pesa yangu inakwenda kwa mtu anayeiondoa timu. Nisiponunua, hesabu ya viti vitupu itatumika kuthibitisha kwamba Oakland haina mashabiki. Na wachezaji hawana kosa. Brent Rooker anapiga kama mtu anayedai haki yake, na Mason Miller anarusha mpira ambao wapigaji wanausikia kabla ya kuuona. Vijana hawa wanalipwa kwa bajeti ndogo kuliko zote katika ligi, na wanapigana kila siku. Siwezi kuwaombea washindwe.

Binti ameniuliza kwa nini jezi ina ndovu begani. Nikamweleza kwamba mwaka 1902, timu ikiwa bado Philadelphia, kocha mmoja wa New York, John McGraw, aliibeza kwamba ni ndovu mweupe, yaani mzigo wa gharama usio na faida. Connie Mack, kocha wa Athletics, akaichukua dhihaka hiyo akaifanya nembo, na mwaka uleule timu yake ikatwaa ubingwa wa ligi yao. Binti amelala na kofia yake kichwani.

Alhamisi, 30 Mei

Kaka amepiga simu kutoka Dar. Yeye ni Yanga damu, na mwaka huu wamechukua tena ubingwa. Nilipofika Oakland sijui lolote la besiboli, rangi za A's ndizo zilizonivuta: kijani na dhahabu, kama vile nimemkuta kaka jukwaani.

"Dada, mwaka jana mlipoteza michezo mingapi?"

"Mia moja na kumi na mbili kati ya mia moja sitini na mbili."

"Na hamkushuka daraja?"

"Huku hakuna kushuka daraja, kaka."

Alinyamaza. Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, wameshuka msimu huu, na hakuna aliyewahurumia kwa sababu ya historia yao. Kwetu timu ikidorora, adhabu inampata anayeiongoza. Hapa ligi imefungwa. Timu ni zilezile 30, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haibanwi na sheria za kuzuia ukiritimba. Mmiliki anaweza kuuza wachezaji wazuri, akapoteza michezo zaidi ya 100, na bado akabaki na kiti chake mezani pamoja na mgawo wake wa mapato ya ligi.

Kaka akauliza swali la pili, ambalo bado linanizunguka kichwani: "Sasa wanachama wamesemaje?" Nikamwambia hakuna wanachama. Kuna mmiliki na kuna wateja. Hakuelewa, na sioni kwa nini aelewe. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936, na zote zilikua mikononi mwa wanachama. Hata Simba walipotaka kumwingiza mwekezaji mwaka 2017, wanachama waliitwa mkutanoni wakapiga kura, na sehemu yao ilipangwa kuwa asilimia 51. Wakigombana wanagombana, lakini anayetaka kuing'oa Yanga Jangwani atalazimika kwanza kuwatazama wenyewe usoni.

Marekani nayo inaujua utaratibu huo. Green Bay Packers, wa mpira wa miguu wa Kimarekani, wamemilikiwa na wenyehisa wa kawaida tangu mwaka 1923. Green Bay ni mji mdogo, na timu yake haijahamishwa popote.

Jumatano, 5 Juni

Jana tulikwenda Raimondi Park, Oakland Magharibi. Timu mpya, Oakland Ballers, imecheza mchezo wake wa kwanza nyumbani. Si Ligi Kuu. Iko kwenye Pioneer League, ligi huru ya vijana waliokosa nafasi kubwa au wanaoitafuta. Ilianzishwa mwaka jana na watu wa hapahapa, baada ya habari za Las Vegas, na bustani iliyokuwa imechakaa imepata majukwaa, taa na nyasi. Nilimwona mama mmoja analia na kucheka kwa pamoja, jezi ya A's mwilini na kofia ya Ballers kichwani.

Mzee alikuja pia. Alikaa kimya hadi katikati ya mchezo, kisha akasema hawa watoto wanakimbia vizuri. Kwake hiyo ni sifa kubwa, kwa kuwa mtu aliyemfundisha maana ya kukimbia ni Rickey Henderson, mtoto wa Oakland, aliyeiba vituo 130 katika msimu wa 1982 na 1,406 katika maisha yake yote ya uchezaji. Hakuna aliyemkaribia.

Jumatano, 17 Julai

Wiki ya raha. Jumapili tuliwachapa Philadelphia 18-3 kwao, na Lawrence Butler, kijana aliyerudishwa ligi ya chini mwezi Mei, akaupiga mpira nje ya ukuta mara tatu. Jana usiku, kwenye mchezo wa nyota wote huko Texas, Miller alimkabili Shohei Ohtani, mpigaji anayeogopwa kuliko wengi, akamtoa. Mrusho wake mmoja ulifika kilomita 167 kwa saa. Alikuwa pale kama mchezaji wa Oakland.

Raha yenyewe ina uchungu ndani yake. Timu hii inakomaa. Matunda yake yatachumwa mjini kwingine, na watakaoyala si wale waliokaa jukwaani mwaka jana wakati wa vipigo 112.

Jumamosi, 24 Agosti

Kazini mtu ameniambia timu inaondoka kwa sababu watu wa Oakland hawaendi uwanjani. Nilimwambia Mzee, akaniletea daftari lake la kumbukumbu. Nanakili hapa ili zisipotee.

Tarehe 17 Aprili 1979, mchezo na Seattle: watu 653. Msimu mzima wa 1979: watu 306,763. Wakati huo Charlie Finley, mmiliki, alikuwa ameshawaachia nyota wake wote wa miaka ya makombe, na anatafuta mnunuzi.

Mwaka 1980 timu ikanunuliwa na familia ya Haas, ya kampuni ya nguo ya Levi Strauss. Walileta wachezaji, wakawekeza kwa vijana, wakaingia mitaani na mashuleni. Msimu wa 1990: watu 2,900,217.

Mji uleule, uwanja uleule, barabara ileile. Kilichobadilika ni mmiliki. Tarehe 13 Juni mwaka jana tulipojipanga kuonyesha kwamba tupo, watu 27,759 walikuja siku ya Jumanne kuitazama timu mbovu kuliko zote, ikashinda 2-1. Anayesema Oakland haina mashabiki aanze na hesabu hizi.

Habari njema ya mwezi huu: Ballers wamewauzia mashabiki hisa, na zimekusanywa zaidi ya dola milioni 1 kutoka kwa watu wa kawaida. Wenyehisa hao watakuwa na mwakilishi wao kwenye bodi. Nimenunua kidogo kwa jina langu, na nimemwambia binti kwamba baadaye zitakuwa zake.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo niliingia. Tulikubaliana mimi na Mzee kwamba kususia kuna wakati wake na kuzika kuna wakati wake, na maiti haisusiwi. Binti hakwenda shule. Tulikuwa watu 46,889.

Rickey Henderson na Dave Stewart, wote wawili waliokulia Oakland, walirusha mipira ya ufunguzi. Barry Zito aliimba wimbo wa taifa. Kisha tukacheza na Texas, mabingwa wa dunia wa mwaka jana, na kila mrusho ulipigiwa makofi kana kwamba ni fainali. Tuliongoza 3-2 hadi zamu ya mwisho. Miller akaingia kumaliza. Mpira wa mwisho ulipigwa chini kuelekea kituo cha tatu, Max Schuemann akaudaka akautupa kituo cha kwanza, na mchezo ukawa umekwisha. Tumeshinda.

Hakuna aliyetoka. Kocha Mark Kotsay alishika kipaza sauti, akawashukuru mashabiki, akaomba tuimbe pamoja mara moja zaidi jina la Oakland. Tuliimba. Mzee alisimama muda wote, mkono kwenye bega la binti yangu, na machozi hakuyaficha.

Jumapili, 29 Septemba

Msimu umekwisha Seattle. Ushindi 69, vipigo 93. Ni ushindi wa michezo 19 zaidi ya mwaka jana. Misimu 57 ya Oakland imefungwa.

Nimepitia niliyoyaandika tangu Machi, na nina neno moja la kumwachia binti yangu. Mashabiki wa Oakland hawakukosa upendo. Walikuja, wakapiga ngoma, wakagoma, wakaandamana, wakavaa kijani katika miaka ya vipigo. Walichokosa ni kiti kwenye chumba kilichoamua. Watu 30 walipiga kura juu ya kitu ambacho mji mzima ulikikuza, na hakuna sheria iliyowalazimisha kumuuliza hata mmoja wetu. Mapenzi pekee hayamzuii mtu kuondoka na timu. Kura ndiyo inayomzuia.

Usiku huu nimempigia kaka. Nimemwambia: lipia kadi yako ya uanachama kila mwaka, usikose mkutano mkuu, soma katiba ya klabu yako, na siku mwekezaji akija na fedha nyingi na maneno matamu, kubali fedha lakini usimpe kura yako. Mimi mkutano wangu wa wenyehisa wa Ballers nitauhudhuria, na binti nitakwenda naye.