Kioo cha Pili

Edinburgh, Uskoti

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu inakuwaje watu wa nchi tajiri walale kwenye nyumba zinazopitisha baridi. Huku New Town, mtaa uliochorewa ramani na James Craig mwaka 1767, nyumba ni za mawe na zinalindwa. Tangu 1995 zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Kung'oa madirisha ya zamani uweke ya kisasa ni mpaka uombe kibali, na kukipata si hakika.

Wewe seremala ungeyapenda. Kila dirisha lina vipande viwili vinavyopanda na kushuka kwa kamba, na ndani ya fremu mmefichwa vyuma vizito vinavyosaidia kulinyanyua. Lakini kioo ni kimoja, chembamba, na kitu kinachoteleza hakikosi mwanya. Januari, ukiweka kiganja pale vipande vinapokutana, upepo unausikia.

Dawa yake ni kuongeza kioo cha pili kwa ndani. Fundi haligusi dirisha la zamani. Anafunga fremu nyembamba mbele yake, ya kufunguka ili pafutike, na hewa inayobaki katikati inazuia joto lisitoroke. Fremu ya ndani ibane kabisa. Dirisha la nje liachiwe kupumua kidogo. Ukikosea hapo, mvuke wa nyumbani unageuka matone kwenye kioo cha nje, maji yanatiririka na mbao zinaoza. Sisi wapangaji tunaweza kubandika bamba la akriliki kwa ukanda wa sumaku, tukihama tunabandua.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian waliipimia Historic Scotland, idara ya serikali ya majengo ya kale, mambo haya. Kioo cha pili kilipunguza joto linalopotea dirishani kwa asilimia 63, pazia zito asilimia 14. Na sasa sikiliza, mjomba: milango ya mbao ya kufunika dirisha kwa ndani, ile ya kukunja, ilipunguza asilimia 51! Kazi ya maseremala wa zamani, randa na bawaba tu. Nyumba nyingi bado zinayo, imekunjwa pembeni mwa dirisha, imepakwa rangi juu ya rangi hadi haifunguki. Inaniuma, kwa sababu majira ya baridi ya 2022 serikali ya Uingereza ilipobana bei, familia ya kawaida bado ilikadiriwa kulipa pauni 2,500 kwa mwaka kwa gesi na umeme. Bibi wa ghorofa ya juu alikuwa anapasha moto chumba kimoja tu, kingine anakifunga.

Mwenye nyumba ameturuhusu kuifungua ya sebuleni. Tunaanzia wapi, kisu kwenye maungio au kutoa bawaba kwanza? Moto wa kulainisha rangi nauogopa, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na mtoto anatambaa humu ndani. Nitumie ujumbe wa sauti kabla ya Jumamosi.

Mpwa wako