Safari ya Mwea kwa Dada Yangu

Wahenga walisema, "Tembea uone." Mimi ni mkulima wa milima ya Taita, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kwenda mbali na shamba langu, isipokuwa kushuka Voi kununua mbolea au kufika Mombasa kwa mazishi. Lakini mwezi wa Desemba uliopita nilifunga safari ya kwenda Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Nimeona yafaa niwasimulie wasomaji niliyoyaona, pamoja na jambo lililonipeleka, maana nadhani jambo hilo limo katika nyumba nyingi.

Mke wangu alinifungia kikapu cha maparachichi, mihogo na maharagwe ya nyumbani. Katika mfuko wa koti nilitia bahasha. Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita, na mama alimtangulia. Tuko watoto wanne: wanaume watatu, na dada yetu ambaye ndiye kifungua mimba. Ili shamba ligawanywe, mahakama hutaka kila mrithi atie sahihi kwamba ameridhika. Ndugu zangu walikuwa wamekwisha andika kwamba dada hataki kitu, kwa kuwa ameolewa. Lililobaki ni sahihi yake tu. Nikatumwa mimi, kitinda mimba, kwa sababu ndimi niliyelelewa mgongoni mwake, nao walijua hawezi kuninyima neno.

Nilishuka kwa matatu alfajiri kupitia Mwatate mpaka Voi, nikapanda gari la moshi. Reli ya kwanza ilifika Voi zamani sana, na marehemu baba alipenda kutusimulia jinsi alivyosafiri humo usiku kucha, akiamka Nairobi na vumbi masikioni. Gari la siku hizi, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, halikumpa mtu nafasi hata ya kusinzia. Katika mbuga ya Tsavo reli imepitishwa juu ya tuta refu, na chini yake zimeachwa njia pana za wanyama. Nilihesabu ndovu kumi na mmoja, wekundu kwa udongo wa kwetu, wakipita polepole kana kwamba njia ile walijengewa na babu zao. Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Alasiri tukawa Nairobi.

Toka Nairobi nilishika matatu ya Embu. Tulipita Thika, na baada ya hapo barabara ikateremka mpaka Makutano, mahali ambapo njia ya Embu huachana na ile ya Nyeri. Kisha ghafula nchi ikawa tambarare, na pande zote mbili za barabara nikaona majaruba ya mpunga yakienda mpaka macho yashindwe. Sisi watu wa milimani tumezoea shamba lililosimama kama ukuta. Huku shamba limelala kama mkeka.

Dada aliningoja kituoni Wang'uru pamoja na shemeji na wapwa zangu watatu. Alinikumbatia, akanisalimu kwa Kidawida, kisha akacheka kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito. Watoto wake husema Kikuyu na Kiswahili, na lugha yetu hawaijui ila maneno ya kuitikia salamu. Usiku ule dada alipika mihogo yangu pamoja na maharagwe, akaviponda vikawa kimanga, na ingawa ndani ya nyumba mlikuwa na magunia ya mchele, hakuna aliyeuliza wali. Nililala chini ya chandarua, maana penye maji mengi mbu nao ni wengi, na hapo hakuna nyumba inayolifanyia mzaha jambo hilo.

Asubuhi shemeji alinitembeza. Alinionyesha Mlima Kenya, ulio wazi kabla jua halijapanda, akaniambia kwamba maji yote yale hutoka huko kwa mito miwili, Thiba na Nyamindi. Mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini, katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Watu walichimba wakiwa chini ya bunduki, na leo mchele wa nchi hii sehemu kubwa hutoka mahali pale. Baba yake shemeji alikuwa miongoni mwa waliopewa ekari nne nne za kulima. Walipewa kulima, wala si kumiliki. Kwa miaka mingi mkulima wa Mwea alihesabiwa kuwa mpangaji, naye aliyekosa kufuata masharti aliweza kuondolewa. Bwawa la Thiba lilipofunguliwa mwaka 2022, tumaini lilikuwa kwamba maji yatatosha kupanda mara mbili kwa mwaka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mimi sikupewa jembe, bali mundu. Ziko mashine za kuvuna, lakini jaruba la dada lilikuwa na maji bado, na mashine nzito ingezama katika udongo ule mweusi unaonata. Tukakata kwa mikono, tukafunga miganda, tukaipigapiga juu ya turubai mpaka punje zikadondoka. Watoto walipiga madebe kufukuza ndege, ambao wakiachwa kwa siku mbili huweza kumaliza jasho la miezi minne. Hata nyasi hazitupwi: hufungwa robota, zikauzwa kwa wenye ng'ombe. Kufika adhuhuri mgongo wangu ulikuwa umegoma. Dada, aliyenizidi miaka kumi na miwili, aliendelea kukata bila kuinua kichwa.

Bahasha ilikuwa bado mfukoni. Siku ya kwanza nilisema ni uchovu wa safari. Siku ya pili nilisema shemeji yupo. Usiku wa tatu, tulipokuwa tumeketi nje tukilinda mpunga uliotandazwa, dada mwenyewe akasema, "Mdogo wangu, hukupanda gari la moshi ili uje kukata mpunga. Itoe hiyo karatasi."

Niliitoa. Akaisoma kwa kurunzi, polepole, mara mbili. Kisha akaniuliza, "Haya maneno kwamba sitaki kitu, ni nani aliyeniuliza?"

Sikuwa na jibu. Nilisema lile tulilozoea kusema: kwamba mwanamke aliyeolewa ana shamba kwa mumewe.

Akasema, "Hapa nina kazi, sina shamba. Jaruba hili liliandikwa jina la baba mkwe, na sasa la mume wangu. Sinung'uniki, yeye ni mtu mwema. Lakini nimekata mpunga hapa miaka ishirini na sita, na hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina langu. Kwetu nako mnataka niandike kwa mkono wangu kwamba sina." Akanyamaza kidogo. "Sitaki kuwavunjia mpaka. Nataka kile kipande cha chini, karibu na mfereji, mama alipopanda viazi. Kiandikwe jina langu. Mkilime nyinyi, mle nyinyi. Lakini watoto wangu wajue mahali mama yao alikotoka."

Akanirudishia karatasi bila sahihi, akainuka kugeuza mpunga.

Sheria, kwa kweli, iko upande wake. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981. Wazazi wakifa bila kuacha wosia, sheria hiyo haibagui mtoto wa kike na wa kiume, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Angeweza kudai robo nzima. Yeye aliomba kipande kisichojaa mistari kumi ya viazi, na hata hicho tulikuwa tumemwandikia kwamba hakitaki.

Siku ya nne niliondoka saa tisa za usiku ili niliwahi gari la moshi la asubuhi. Dada alinipa gunia dogo la pishori, mchele ambao harufu yake ilijaza behewa zima mpaka abiria wenzangu wakaniuliza nimeununua wapi. Jioni nilikuwa nyumbani. Nilimkuta ng'ombe hajakamuliwa vizuri, ua umeangushwa na mbuzi wa jirani, na palizi imenisubiri. Kesho yake nikarudia kazi zangu kama mtu ambaye hakwenda popote.

Jumapili ndugu zangu walikuja. Mke wangu alipika ule mchele, wakala, wakausifu. Kisha kaka mkubwa akanyosha mkono apewe karatasi. Nikampa. Alipoona pale pa sahihi pako wazi alikasirika, akasema nimetumwa kazi ya mtu mzima nikarudi na chakula. Nikamweleza maneno ya dada yote, bila kuongeza wala kupunguza, nikamwambia ya kwamba mimi nami sitatia sahihi yangu mpaka yale maneno yafutwe na kipande kile kiandikwe. Kaka wa pili alitazama chini. Kaka mkubwa aliondoka bila kuaga. Lakini siku ya Alhamisi alimtuma mwanawe kuniuliza urefu wa kile kipande kwa hatua, toka mfereji mpaka mgomba wa kwanza.

Nilikwenda nikakipima: hatua thelathini na mbili. Kilikuwa kimeota magugu, maana kila mmoja wetu alidhani ni cha mwenzake. Basi nimekilima. Zamu yangu ya maji ni Jumanne, na nimekwisha tenga miche ya viazi ya kupanda pale.

Wasomaji wenzangu, mwenye dada aliyeolewa mbali na amtembelee, wala asingoje msiba. Na kama amebeba karatasi, amwachie kwanza aisome.