Mkeka wa karatasi Marekani, mkeka wa ukindu Magomeni

UKITAJA Magomeni, wengi hufikiria Dar es Salaam, na haraka huongeza neno: Mapipa, Usalama au Mikumi. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, Magomeni na Mikumi zipo pia, kila moja mahali pake. Mikumi ni mji ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, jirani na hifadhi ya wanyama. Magomeni ni kata katika mji wa Kilosa, mji wa Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914.

Desemba ya Magomeni hii haina baridi. Kuna joto, mawingu ya mvua na mikrismasi iliyochanua maua mekundu. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa, na swali la wazazi ni lilelile la kila mwaka: watafanya nini hadi Januari? Kwa familia nyingi jibu limekuwa simu ya mama. Simu ikiisha chaji, kinaanza kilio cha gari la plastiki la dukani, ambalo likinunuliwa leo, wiki ijayo halina magurudumu.

Mbali na hapo, katika nchi ambako mwezi huu theluji huwafungia watoto ndani, likizo ni msimu wa mkasi na gundi. Nchini Denmark watoto husuka mioyo ya karatasi za rangi mbili na kuitundika kwenye mti wa Krismasi. Mmoja uliotengenezwa na mwandishi Hans Christian Andersen mwaka 1860 umehifadhiwa hadi leo. Sweden hutengeneza mbuzi wa mabua makavu na kumfunga utepe mwekundu. Ufilipino, ambako hakuna theluji, watu huunda taa za umbo la nyota kwa mianzi na karatasi.

Lakini kazi ya mikono itakayomshangaza zaidi mzazi wa Magomeni iko Marekani. Kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, familia nyingi za Wamarekani Weusi huadhimisha Kwanzaa. Si sikukuu ya dini. Ilianzishwa na msomi Maulana Karenga huko California mwaka 1966, ili watu ambao babu zao walichukuliwa utumwani wakumbuke kwao. Lugha aliyoichagua ni Kiswahili. Jina limetokana na maneno "matunda ya kwanza", ikaongezwa "a" moja ili herufi ziwe saba.

Kila siku ina nguzo yake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Mezani hutandikwa mkeka. Juu yake huwekwa kinara chenye mishumaa saba, mmoja mweusi, mitatu myekundu na mitatu ya kijani. Kando huwekwa mazao, kikombe cha umoja, zawadi, na muhindi mmoja kwa kila mtoto wa nyumba hiyo. Kwa hiyo darasani na nyumbani, watoto wa huko husuka mikeka ya karatasi na kubandika punje za mahindi za karatasi ya njano. Wanajifunza neno "mkeka" kabla hawajaona ukindu.

Magomeni neno hilo halihitaji kufundishwa. Mkeka uko uani, bibi ameukalia, anapepeta mchele. Familia ya Kiislamu husalia juu yake, ya Kikristo humkaribishia mgeni wa Krismasi. Mahindi yako shambani. Kinachopungua ni mikono inayojua. Mtoto anaweza kulala juu ya mkeka miaka kumi bila kujua unaanzia wapi, na siku bibi akiondoka, ujuzi unaondoka naye. Utakaofuata utakuwa wa plastiki, kutoka dukani.

Likizo hii ya wiki kadhaa inatosha kuanza. Hakuna kinachohitaji fedha nyingi.

Kwa mtoto wa chekechea, anza na kayamba. Ganda la mkrismasi likikauka huwa gumu na refu, na mbegu hulia ndani yake. Mwache alipake rangi au alizungushie nyuzi. Mwambie kwamba mti huo asili yake ni Madagascar, na sisi tumeupa jina la sikukuu kwa sababu huchanua wakati huu. Mbegu zisiachwe mikononi mwa mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

Kwa aliye darasa la kwanza au la pili, mkeka wa karatasi ni mazoezi mazuri. Chukua karatasi ya kalenda iliyopita, ikunje katikati, kisha ukate mistari kuanzia kwenye mkunjo na kuishia vidole viwili kabla ya ukingo. Ifungue. Kata vipande virefu vya karatasi ya rangi nyingine. Kipande cha kwanza kipite juu, chini, juu, chini. Cha pili kianze chini. Ncha zibandikwe kwa uji mzito wa unga, na kazi imekwisha.

Kuna pia mwanasesere wa gunzi. Nguo yake ni maganda ya mahindi, nywele zake ni katani. Katani nayo ina historia hapa, kwa kuwa Kilosa ni wilaya ya mashamba ya mkonge. Mmea huo si wa asili ya Afrika. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukawa zao kubwa la biashara. Mtoto anayesuka nywele za mwanasesere anashika uzi uleule uliowatafutia riziki watu wengi wa wilaya hii.

Kwa mtoto wa miaka tisa na kuendelea, kazi ni ukindu wenyewe, na mwalimu ni bibi au jirani anayejua. Majani hukaushwa, huchanwa vipande vyembamba, mengine huchemshwa na rangi, kisha husukwa kuwa utepe mrefu unaoitwa ukili. Kili zikitosha, hushonwa pamoja, na hapo ndipo mkeka hupatikana. Sufuria ya rangi ya moto ibaki mikononi mwa mtu mzima.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha. Ukindu hupenda kuota penye majimaji, na Desemba ni msimu wa mvua. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, maelfu ya watu wakapoteza makazi na reli ikaharibika. Mtoto asitumwe peke yake mtoni kutafuta ukindu wala udongo wa kufinyangia, hata kama Kilosa kwenyewe kumekauka, kwa sababu mvua ya milimani hushuka bila taarifa. Nunua ukindu sokoni, au nenda naye.

Ukili wa kwanza wa mtoto utapinda. Utakuwa mpana huku na mwembamba kule, na yeye atataka kuutupa. Usimwache autupe. Kwa kuwa mkeka huunganishwa ukili mmoja mmoja, bibi anaweza kuushona huohuo uliopinda katikati ya kili zake zilizonyooka.

Tarehe 31 Desemba, siku ya Kuumba, mtoto fulani huko Marekani atatandika mkeka wake wa karatasi chini ya mishumaa. Siku hiyohiyo, uani Magomeni, mkeka wa nyumba unaweza kuwa na ukili mmoja uliokaa upande. Miaka ishirini baadaye, mgeni akiuliza kwa nini mstari ule umepinda, kutakuwa na mtu wa kujibu kwamba ni yeye aliyeusuka, na bibi ndiye aliyemfundisha.